KAMAU NAYE ALIKUWA KAZINI



Tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka Voi. Ndani mlikuwa watu wawili: Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza, na Kamau, boi wake. Siku zile Voi hakukuwa na kiwanja cha lami. Ndege ilipanda, ikazunguka, kisha ikayumba, ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili walikufa.

Bwana alizikwa katika vilima vya Ngong, na nduguye akamjengea mnara wa mawe. Karen Blixen alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1937, na mwaka 1985 ikatoka sinema. Watalii hupanda vilima hivyo hata leo kutazama kaburi. Je, Kamau? Katika vitabu yeye ni Kamau tu. Kamau mwana wa nani? Wa kijiji gani? Nani alilipwa kwa kifo chake?

Simtukani marehemu. Kifo hakichagui bwana wala boi. Lakini bwana alipanda ndege yake mwenyewe kwa hiari yake, na Kamau alipanda kwa kuwa ndiyo kazi yake. Basi yeye alikufa kazini, kama fundi aangukaye kutoka juu ya behewa.

Sisi wa reli tunalijua jambo hili. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa tangu 1896 hata 1901, ilikula watu karibu 2,500, wengi wao Wahindi. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi mwaka 1898 wamewekwa katika makumbusho ya Chicago, na dunia nzima inawajua. Wajenzi walioliwa, ni wangapi tunaowajua kwa majina?

Wako watakaosema, hayo ni ya kale, sasa tunayo Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Kweli, sheria ni njema. Yamtaka kila mwajiri awakatie wafanya kazi wake bima. Lakini fidia hulipwa kwa mtu anayejulikana. Kibarua asiye na barua ya kazi, ambaye msimamizi humwita "wewe kijana", akifa leo, mjane wake ataonyesha nini ofisini? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, kila tawi liweke daftari la wafanya kazi wote, hata vibarua: jina kamili, jina la baba, kwao, na mrithi wake. Pili, mtu akifa kazini, tawi liandike siku ile ile jinsi alivyokufa, wala lisingoje maneno ya mwajiri.

Daftari halina gharama kubwa. Tuanze mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli