Mimea ya Ukingo Penye Jua Kali

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe shauri juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mimea ya kupanda ukingoni mwa vitalu vya maua, mbele ya ofisi na nyumba zetu, huku Jipe chini ya milima ya Upare. Kwangu mimi jambo hili si dogo, maana ukingo wa maua hunywa maji, na maji ya huku yana wenyewe.

Tufanye hesabu kama ilivyo desturi ya makarani. Baada ya masika kwisha mwezi wa Mei, hatutazamii mvua ya kutegemewa mpaka vuli ya Oktoba. Ukingo wa maua laini unaotaka madebe mawili kila jioni, tangu Juni mpaka mwisho wa Septemba, utakunywa madebe 244. Mtu asiseme kwamba ziwa li karibu. Maji ya ziwani nayo huletwa kichwani, na kichwa hicho kwa kawaida ni cha mama au cha binti. Wazee wa Upare walijua thamani ya maji: walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku, ili mchana yafunguliwe na kila mkulima apate kwa zamu. Basi je, yafaa mtumishi aliyesoma awe mpotevu wa maji kuliko wazee hao?

Kwanza yatupasa kujua jua lenyewe. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza husema kwamba upande wa jua ni kusini mwa nyumba. Huku sivyo. Tangu katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua hupita kaskazini kwetu, na miezi iliyobaki hupita kusini. Ukuta wa magharibi ndio upatao jua la alasiri mwaka mzima, nao ni mkali kuliko zote. Afuataye kitabu bila kutazama kivuli cha nyumba yake atapanda mahali pasipofaa.

Sasa mimea. Wa kwanza ni mshubiri. Majani yake huweka akiba ya maji, na vitundu vyake hufunguka usiku wakati wa baridi, wala si mchana, kwa hiyo haupotezi maji mengi juani. Chukua machipukizi kwa jirani, uyaache kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, kisha uyapande kwa nafasi ya dhiraa moja. Usiing'oe mishubiri ya porini, wala usiguse iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Biashara ya mishubiri ya mwituni kati ya nchi na nchi ina sheria zake.

Wa pili ni mkonge pori, ule mfupi, ambao nyuzi zake zilikuwa zikisokotwa kamba za upinde. Upande kwa nafasi ya shibiri moja, nao utajaza wenyewe. Jirani zetu Wachaga hupanda isale mipakani mwa mashamba, na wataalamu wa mimea siku hizi wanauhesabu mkonge pori kuwa wa jamii moja na isale. Basi isale ibaki mlimani kwenye unyevu, na ndugu yake ashike mpaka huku nyikani.

Kwa apendaye maua upo vinka, ambao asili yake ni Bukini. Huchanua meupe au ya waridi, na huvumilia jua na ardhi hafifu. Majani yake yana sumu, watoto wasiyatafune. Lakini katika majani hayo hayo matabibu hupata dawa za saratani, hata ile ya damu. Karibu na mlango wa jiko panda mrehani na mchaichai, maana maji ya kuoshea mboga yatatosha kuinywesha, na mwenye nyumba atapata harufu njema na kiungo cha chai.

Mkonge mkubwa wa mashambani usipandwe kando ya njia. Miiba yake huenda sawa na macho ya mtoto. Lantana nayo tuikatae. Ililetwa kwa uzuri wake, ikatoroka bustanini, na sasa huvamia malisho na kuwadhuru ng'ombe. Gugu maji pia lililetwa Afrika kuwa pambo, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 limewatesa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Sisi tulio karibu na ziwa tusilidharau fundisho hilo.

Najua atatokea mtu kusema kwamba mimea ya porini haimfai mstaarabu. Nami namjibu kwamba ua dogo la zambarau lililotoka Usambara, jirani zetu, lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, na leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Lakini hilo ni la kivulini; waliolitunza vema walilipa mahali palipolifaa. Ustaarabu ndio huo: kujua kila kitu na mahali pake.

Tena tukumbuke kwamba mtumishi ni mtu wa kuhamishwa. Leo yupo Same, kesho barua yaja. Maua ya kubembelezwa hufa juma lile lile aondokapo, na ajaye hukuta vijiti vikavu. Mshubiri na mkonge pori humngoja mgeni. Basi ndugu zangu, vuli ijapo tupande vitu ambavyo mwenzetu ajaye atavikuta vizima, bila kumnyima mtu yeyote debe lake la maji.

Mwenye shauri lililo bora na aliandike, tupate kujifunza.

Wasalaam,
Karani wa Jipe