Konsevatori: Kuhifadhi Nani, Kuhifadhi Nini?

Swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya amelizoea ni hili: "Kwani hukupata kingine cha kusomea?" Huulizwa na mjomba, huulizwa na shangazi, na wakati mwingine huulizwa na abiria mwenzake ndani ya matatu. Mwenzake anayeandamwa na swali hilo kwa kejeli iyo hiyo ni mwanafunzi wa shahada ya muziki. Ajabu ni kwamba wawili hawa, ambao wangefaa kuwa mtu na nduguye, hupishana kila siku chuoni bila kujuliana hali kitaaluma. Mmoja amekumbatia diwani, mwingine amekumbatia fidla, na kila mmoja anadhani mzigo wa mwenzake haumhusu. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huo umewagharimu wote wawili, na kwamba anayelipa gharama kubwa zaidi ni kijana wa tatu ambaye hajaingia chuo chochote. Huyo atarejelewa baadaye.

Kwanza ni vyema kulitazama neno lenyewe. Konsevatori ni chuo ambamo mwanafunzi huenda kujifunza kupiga ala, kuimba, kutunga au kuongoza okestra. Si mahali pa kusoma habari za muziki tu. Asili ya neno ni Kiitaliano, na maana yake ni mahali pa kuhifadhia. Vilivyohifadhiwa hapo awali havikuwa nyimbo wala ala, bali watoto. Katika mji wa Naples, kituo cha Santa Maria di Loreto kilianzishwa mwaka 1537 kwa ajili ya yatima na watoto wa maskini. Vituo vya namna hiyo vilifika vinne mjini humo. Watoto walilishwa, wakavishwa, wakafunzwa kazi za mikono, na polepole muziki ukawa ndiyo kazi iliyowapatia riziki, kwa kuwa makanisa na majumba ya opera yalihitaji waimbaji na wapigaji. Hivyo basi, jina ambalo leo linanuka uturi wa watu wenye nafasi lilianzia kwa watoto wasio na baba.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutabasamu hapa, maana lugha yake inalo neno linalolingana na hilo kwa namna ya kushangaza. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee. Kuhifadhi pia ni kukitia kitu moyoni kwa kukikariri hadi kiweze kutamkwa bila kitabu. Aliyehifadhi Qurani ni yule anayeweza kuisoma yote kwa ghibu. Waitaliano waliipata maana ya kwanza wakaishia hapo. Kiswahili kinazo zote mbili ndani ya kitenzi kimoja, na maana hiyo ya pili ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kinachofanyika ndani ya konsevatori.

Maana masomo ya mle hayafanani na ya idara nyingine. Ufaransa ilianzisha konsevatori ya Paris mwaka 1795, katika misukosuko ya mapinduzi. Uingereza ikafuata kwa Royal Academy of Music ya London mwaka 1822. Utaratibu ulioenea kutoka huko ni mmoja ingawa nchi ni nyingi. Mwombaji haingii kwa alama za mtihani wa kuandika peke yake. Huitwa mbele ya jopo, akapiga au akaimba vipande alivyoviandaa, kisha akapewa karatasi asiyowahi kuiona aisome kwa ala papo hapo. Akikubaliwa, hukabidhiwa mwalimu mmoja wa ala yake kuu, nao hukaa wawili tu katika chumba kwa muda wa saa moja hivi kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Shahada yenyewe katika konsevatori nyingi za Uingereza huchukua miaka minne, ilhali shahada ya kawaida ya muziki katika vyuo vikuu vingi vya huko huchukua mitatu.

Muda uliobaki wa wiki ni wa mazoezi. Saa nne, tano au zaidi kwa siku, mlango umefungwa, kipande kilekile kikirudiwa mpaka vidole vikijue kuliko akili inavyokijua. Pamoja na hayo kuna masomo ya sikio: mwalimu hupiga, mwanafunzi huandika alichosikia au hukiimba tena. Yapo pia masomo ya upatanifu wa sauti, historia, na kupiga katika vikundi. Mwishoni mwanafunzi husimama jukwaani mbele ya watahini, akapiga kwa karibu saa moja. Hawezi kuazima daftari la mwenzake usiku wa kuamkia siku hiyo. Ama anajua ama hajui.

Mtu aliyelelewa katika madrasa ya Pwani hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mbele yake, matamshi yanasahihishwa herufi kwa herufi, urefu wa irabu unapimwa kwa sikio, na anayekosea hurejea mwanzo. Wapo masheikh ambao hawatakubali kabisa kisomo kiitwe muziki, na hoja yao iheshimiwe. Kinachofananishwa hapa ni njia ya kufunza tu. Hata wale watoto wa Naples walijifunza kwa namna hiyo. Mwalimu aliwapa mstari wa sauti ya chini, nao wakabuni sauti za juu papo hapo kwa mkono na sikio, na kanuni za kitabuni zilichukua nafasi ya pili.

Je, huku kwetu hali ikoje? Nairobi ina chuo kinachoitwa Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa mwaka 1944, enzi za ukoloni. Shahada za muziki hutolewa na vyuo vikuu kadhaa, Kenyatta na Maseno vikiwemo. Mashindano ya kitaifa ya muziki yana umri mkubwa kuliko hivyo vyote, kwani yalianza mwaka 1927. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, umeweka sanaa na michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Kwenye karatasi, njia ya muziki imefunguliwa.

Hapa ndipo kijana wa tatu anapoingia. Tuseme ni mvulana wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyefunzwa udi na ami yake tangu akiwa na miaka minane. Udi hauna vigawanyo kwenye shingo, kwa hiyo mpigaji anaweza kuzitoa sauti zilizo baina ya vibonye viwili vya piano, na ndizo hizo zinazoutia muziki wa taarabu asilia ladha yake. Kijana huyu anajua makamu kadhaa kwa sikio. Akisikia wimbo mara mbili ameuhifadhi. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa ala hiyo, angemsikiliza kwa raha. Lakini shule yake haikuwa na somo la muziki. Hajawahi kuona karatasi ya nota, na mtihani wa nadharia unaotungwa London hana habari nao. Akifika kwenye meza ya usajili ataulizwa cheti, naye hana. Hakuna atakayemwambia, "Haya, keti, tupigie."

Hilo ndilo kosa, tena ni kosa la kinyume. Konsevatori ni taasisi iliyojengwa juu ya usikivu, iliyoanza kwa kuwaokota wasio na kitu, na ambayo hadi leo huamua kwa kusikiliza. Ilipofika Afrika Mashariki ilitanguliza karatasi. Desturi yake njema, ile ya kumkalisha mwombaji na kumsikiliza, ndiyo iliyostahili kuigwa kwanza.

Zipo dalili kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Huko Zanzibar, Dhow Countries Music Academy ilifungua milango mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, ikawaweka wazee wa taarabu kuwa walimu, na udi, ganuni na ngoma za visiwani zikawa ala kuu za kusomewa, wala si mapambo ya sherehe. Kenya nayo inao ushahidi wake, na kila mwanafunzi ameusimamia wima gwarideni. Wimbo wa taifa wa mwaka 1963 ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kutoka mto Tana, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, iliusikiliza, ikauandika, ikaupangia sauti na kuutilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mzee hakutakiwa alete cheti, na wataalamu hawakutakiwa waisahau elimu yao. Walikutana njiani.

Mpinzani atasema, na ana haki ya kusema, kwamba bila nota muziki hufa pamoja na mwenyewe. Ni kweli. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, hakupata elimu ya shule, na sehemu kubwa ya tulichonacho cha sauti yake kimesalia kwa sababu alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri. Nyimbo nyingine ngapi za wakati wake zimezikwa? Hivyo basi makala haya hayapuuzi nota. Kijana wa udi afunzwe kuziandika, tena mwaka wa kwanza. Lakini afunzwe akiwa ndani, asifungiwe nje kwa kutozijua. Mtoto husema kabla ya kuandika, na hakuna aliyewahi kumnyima mtoto lugha hadi ajue alfabeti.

Sasa na tuigeukie idara ya Kiswahili, maana nayo haijasalimika. Mwimbaji anayesoma konsevatori za Ulaya hufundishwa matamshi ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa kama somo kamili. Irabu inapoharibika, mwalimu humsimamisha. Ni nani anayefunza namna ya kuimba kwa Kiswahili? Athari za pengo hili husikika kila Jumapili. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za kanisani zilitafsiriwa ili zikae juu ya tuni za Kizungu ambazo mapigo yake yalipangiwa lugha nyingine. Matokeo ni kwamba "Bwana" huimbwa uzito ukiwa kwenye "na", na "mwokozi" hubebwa kwa "mwo" na "zi" huku "ko" ikipita kama mgeni asiyealikwa. Waumini wamezoea, lakini kuzoea hakujakifanya kibaya kuwa kizuri. Kila mwanafunzi wa fonolojia ameifunzwa jozi ya "barabara": mkazo ukisogea, njia ya magari hugeuka kuwa sawasawa. Ikiwa mkazo unaweza kubadilisha maana katika usemi, vipi mtunzi wa kwaya asiyeujua?

Maarifa haya yamo katika idara ya Kiswahili. Hayajavuka ua kwenda idara ya muziki, ambayo iko umbali wa dakika tano kwa miguu. Vivyo hivyo istilahi. Wanafunzi wa muziki husema kwa Kiitaliano kilichopitia Kiingereza, ilhali mahadhi, lahani, kiitikio, mapigo, ala na bashrafu ni maneno yaliyokwisha kutumika vizazi na vizazi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Kenya kwa katiba tangu mwaka 2010. Tasnifu ya muziki inayoandikwa kwa Kiswahili isingekuwa kioja.

Fauka ya hayo, idara ya Kiswahili inafunza ushairi kana kwamba shairi ni bubu. Mwanafunzi huhesabu mizani, huainisha bahari, hutaja vina vya kati na vya mwisho, kisha hupata alama ya juu bila kufungua kinywa. Amri Abedi, katika kitabu chake cha kanuni za utunzi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba kisichoimbika si shairi. Watetezi wa mashairi huru walimpinga vikali, na mjadala huo umeandikiwa insha zisizo na idadi. Kinachochekesha ni kwamba pande zote mbili hutahiniwa kwa kalamu. Mtetezi wa vina na mtetezi wa ushairi huru huketi ukumbini kimya saa tatu, wakijibizana juu ya uimbaji.

Konsevatori inaweza kuikopesha idara ya Kiswahili kitu kimoja ambacho hakihitaji fedha: lile jopo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa ushairi asimame mbele ya watahini watatu, mmoja wao akitoka idara ya muziki, aghani beti kumi za utenzi na shairi moja la tarbia kwa mahadhi aliyojifunza kwa mtu anayemjua, kisha aulizwe kwa nini alivuta pumzi pale alipovuta. Na idara ya muziki nayo, siku ya kuwasajili wanafunzi wapya, iweke kiti kimoja kando ya ile meza ya vyeti, na mtu wa kusikiliza.