Mtoto Mchanga Ndani ya Ndege

Katika mashirika mengi ya ndege, mtoto asiyetimiza miaka miwili husafiri mapajani mwa mzazi wake bila kununuliwa kiti. Kwa jamaa ya askari inayomfuata baba masomoni ng'ambo, huo ni unafuu mkubwa wa nauli, wala hapana wa kuwalaumu wanaoupokea. Lakini yafaa waijue gharama yake nyingine.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege aina ya DC-10, iliyotoka Denver kwenda Chicago, Marekani, ilipasuka injini ya mkiani, ikawa haiongozeki, ikaanguka katika uwanja wa Sioux City. Walikuwamo watu 296, wakafa 112. Watoto wanne walikuwa wamepakatwa. Jan Brown, mkuu wa wahudumu, alifuata mwongozo wa siku hizo: aliwaagiza wazazi wawalaze watoto sakafuni na kuwashikilia. Mmoja wa wanne hao alikufa. Baada ya hapo mama huyo alidai kwa miaka mingi kwamba kila mtoto apewe kiti na mkanda wake mwenyewe. Wachunguzi wa ajali walipendekeza vivyo hivyo, lakini mamlaka ya usafiri wa anga ya huko ilikataa, ikisema kwamba wazazi wakilazimishwa kulipia kiti wengine watasafiri kwa gari, na barabara huua zaidi. Hoja hiyo yaweza kuitosha serikali; mama aliyekwisha kuketi ndani ya ndege haimfai kitu.

Mikono haishindwi kwa uzembe. Mshtuko ukizidisha uzito mara tisa, mtoto wa kilo 10 huvuta kama mzigo wa kilo 90, na hata askari mwenye misuli hawezi kuuzuia ghafla.

Basi mwenye uwezo na anunue kiti cha pili, amfunge mtoto katika kiti chake maalumu kilichoidhinishwa kwa ndege, baada ya kuliuliza shirika. Asiye na uwezo na aombe mkanda mdogo unaopitishwa katika mkanda wa mzazi, pale unapotolewa. Kamwe mkanda mmoja usiwazungushe wote wawili, kwani mwili wa mzazi utambana mtoto.

Kilio cha mtoto ndege ishukapo mara nyingi si utundu, ni masikio. Hewa ya nje ya kiwambo cha sikio huongezeka nguvu kuliko ile ya ndani, na kijia chembamba kiunganishacho sikio na koo hufunguka mtu amezapo. Kwa hiyo mtoto na aamshwe ndege ianzapo kushuka, anyonyeshwe au apewe chupa. Mwenye mafua mazito au maumivu ya sikio apelekwe kwanza kwa daktari.

Barakoa za oksijeni zikianguka, mzazi avae yake kwanza, kisha amvike mtoto. Na chai ya moto ipokewe na yule asiyempakata.