Inshaallah Isiyo na Tarehe



Ndugu wasomaji, wiki hii twaanza na kosa letu wenyewe. Kwa miaka mingi hapa Baba Dogo, ahali yetu alituomba jambo moja: siku moja ya kutembea ufukweni, yeye na sisi, bila watoto wala shughuli. Kila mara tulimjibu, "Inshaallah." Neno hilo tukufu tuliligeuza likawa hapana yenye adabu. Siku moja akatwambia kwa upole, "Baba Rukia, hiyo inshaallah yako naijua. Haina tarehe." Tuliona haya.

Basi tulipokwenda Malindi kwa harusi ya mpwa wetu, tuliiweka tarehe: mwezi 16 Mfunguo Pili. Hatukuichagua ovyo. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, maji yakapwa mbali na kujaa sana. Kati ya nyakati hizo ni maji mafu, yasiyotoka vya kutosha kwa mwenye kwenda kwa miguu. Hesabu ileile itupayo saumu na hija ndiyo impayo mvuvi wakati wake. Na pwani yetu, siku za bamvua, maji ya mchana hupwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi.

Tulipanda matatu hadi Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Ghubani mwake mna visiwa vidogo vya mwamba wa matumbawe, vilivyolika chini kwa mawimbi hata vikafanana na uyoga. Bamvua likipwa, mchanga hutoka na mtu akavifikia kwa miguu. Kimoja wageni hukiita Love Island, jina lililomchekesha sana ahali yetu. Bahari hiyo ni hifadhi tangu 1968, hivyo kombe huachwa zilipo. Mvuvi mmoja alitunasihi: "Maalim, msingoje kuyaona maji mbele yenu. Yakirudi, huanza kujaza mikondo iliyo nyuma."

Tuliondoka saa tatu u nusu, maji yangali yakitoka. Nasi, kama tufanyavyo tukivuka barabara ya Outering, tukatangulia kwa hatua ndefu. Tulipogeuka, ahali yetu alikuwa mbali, amesimama juu ya mwamba wenye utelezi, mkono mmoja umeshika buibui, wa pili kikapu. Goti lake lilimuuma. Alikwisha kutwambia tangu asubuhi, nasi hatukusikia. Tulirudi, tukampokea kikapu, tukamshika mkono. Hatukukumbuka ni lini tuliposhikana mikono njiani kabla ya siku ile.

Kivulini mwa mwamba tulikula mahamri na mbaazi, naye akatueleza asili ya ombi lake. Alipokuwa mtoto, marehemu mamake akimchukua kuokota chaza maji yakipwa. Mama alipofariki, sisi ndio tuliomharakisha kurudi Nairobi siku ya tatu, kwa sababu ya darasa letu. Tangu hapo hakukanyaga tena mchanga uliopwa. Miaka tisa tulilala nyumba moja na huzuni hiyo bila kuijua. Tulimwomba msamaha palepale, akalia kidogo, kisha akatumiminia chai.

Twafundisha watu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa safarini usiku alikwenda pamoja na Bi Aisha wakizungumza, na kwamba alishindana naye mbio, mara akashindwa, mara akashinda, wakataniana. Umma wote ulimhitaji, na bado alipata wakati wa mkewe. Sisi tulikuwa na darasa moja tu, tukadai hatuna nafasi.

Saa tano ilipopita, ni yeye aliyeona: "Baba Rukia, mkondo wa nyuma unajaa." Tulivuka maji yakiwa magotini, mkono kwa mkono, yeye akituonyesha pa kukanyaga kama alivyofunzwa na mamake. Lau tungetangulia kama asubuhi, tusingemsikia. Msikitini, kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya.

Kina baba wenzetu, asiye na nauli ya Watamu ana jioni moja baada ya Isha, ana mtaa wake na miguu yake. Muulize mkeo ni jambo gani alikuomba zamani akanyamaza. Ukisema inshaallah, itaje na siku. Nanyi kina mama, msichoke kutukumbusha. Wengine wetu husikia polepole. Bamvua hurudi kila nusu mwezi, lakini umri hauna miadi hiyo.

Mola azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na amrehemu mama yule. Wabillahi tawfiq.