Jeshi hupimwa kwa akiba yake

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria (624), kabla ya vita vya Badr, Waislamu waliwakamata wachota maji wa Makureshi. Mtume (S.A.W.) aliwauliza idadi ya jeshi lao. Wakajibu kuwa ni watu wengi, idadi yao hawaijui. Akawauliza huchinja ngamia wangapi kwa siku. Wakasema, siku moja tisa, siku nyingine kumi. Hapo akawaeleza Masahaba kuwa watu hao ni baina ya 900 na 1,000.

Hilo ni funzo kubwa. Jeshi halipimwi kwa panga zake pekee, bali kwa chakula chake, maji yake na siku linazoweza kustahamili. Mwaka wa 5 Hijria (627), makundi yapatayo watu 10,000 yaliuzingira mji wa Madina. Handaki likawazuia, malisho ya wanyama wao yakawa haba, upepo na baridi vikawaelemea, wakarejea mikono mitupu. Na katika zama zetu, Machi 2022, msafara wa jeshi la Urusi wenye urefu wa kilomita zipatazo 60 ulikwama kaskazini ya Kyiv. Uhaba wa mafuta na chakula ulikuwa miongoni mwa sababu.

Mwaka wa 9 Hijria (630), safari ya Tabuk ilipowadia, Mtume (S.A.W.) alitangaza mapema waendako, kinyume na ada yake, ili watu wajiandae kwa masafa na joto. Sayyidna Uthman bin Affan akatoa mali nyingi. Surat Tawba, aya ya 92, inawataja waliorudi wakilia kwa kukosa vipando. Nia yao ilikuwa safi wala hawakulaumiwa. Lakini bila ya kipando hawakuweza kwenda.

Sisi je? Mara ngapi tumejenga madrasa kwa mchango wa siku moja, kisha mwaka haujaisha mwalimu hana posho, na watoto wetu wamerudi majumbani? Tulihesabu matofali, hatukuhesabu ngamia wa kila siku. Basi kabla ya kuweka jiwe la msingi, kila familia na ijiulize itatoa nini kila mwezi, na kwa miaka mingapi. Na kilicho kidogo chenye kudumu ndicho kimpendezacho Allah.

Wabillahi tawfiq.