TAJIRI WETU NI NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Mtu akiandikwa kazi huuliza mambo mawili: mshahara ni kiasi gani, na kazi inaanza saa ngapi. Ni maswali mema. Lakini liko la tatu ambalo sisi wa reli na wenzetu wa bandari hatuliulizi, na kwa kutoliuliza tumeumia mara nyingi. Tajiri wetu ni nani? Hatusemi msimamizi anayetupigia kelele shedini, wala meneja aliye ofisini. Hao nao wametumwa. Twauliza mwenye mali hasa ni nani, ni nani wanaokaa katika bodi, na mwenye mali akifa au akichoka, nani atamrithi. Kwa maana safari ya kampuni haipangwi stesheni. Hupangwa mezani, na meza yenyewe mara nyingi iko mbali na bahari hii.

Kisiwa hiki kina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1888 William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, alipata hati ya Malkia wa Uingereza kwa kampuni iliyoitwa Imperial British East Africa Company. Makao yake ya huku yakawa Mombasa, lakini bodi ilikaa London. Ndani ya bodi ile walikuwamo majenerali na watu wa kupiga vita biashara ya watumwa, na Mackinnon mwenyewe alitaka sifa ya kufungua bara kuliko faida. Basi kampuni ikatuma watu mpaka Uganda, hali ushuru wa forodha ya pwani hautoshi hata kulipa gharama. Mwaka 1890 wakaanza reli yao, njia nyembamba ya futi mbili, wakaipa jina kubwa: Central African Railway. Ilikwenda kama maili saba, ikakoma. Vyuma vyake vikaletwa kisiwani vikawa njia ya toroli, na kwa miaka mingi mabwana wakubwa waliketi juu ya viti, chini ya kivuli cha turubai, wakisukumwa mbio na watu weusi kati ya mji na Kilindini. Tazameni basi, ndugu. Bodi ilipanga reli ya Afrika ya Kati; kilichopatikana ni jasho la babu zetu.

Mackinnon akafa mwaka 1893. Hakuwa na mtoto, na shauku yake haikuwa na mrithi. Wenye hisa hawakutaka sifa, walitaka fedha zao. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kutoka kwa kampuni kwa paundi 250,000, na katika hizo paundi 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar. Yaani wenye hisa walifidiwa, na aliyelipa sehemu kubwa ni mwenye pwani mwenyewe! Hakuna aliyeuliza hamali na askari wa kampuni wamebaki na nini.

Na meli zake? Meli za British India, ambazo wakala wake hapa Mombasa alikuwa Smith Mackenzie, ziliingia mikononi mwa mtu aliyeitwa James Mackay, baadaye Lord Inchcape. Alipokufa mwaka 1932 akafuata mwanawe. Mwana akafa mwaka 1939, na urithi ukamfikia mjukuu. Mwaka 1958 mjukuu huyo aliyakusanya makampuni ya ukoo akayaweka katika soko la hisa la London. Tangu hapo mwenye mali akawa mtu ye yote mwenye fedha za kununua karatasi, ambaye labda hajui Kilindini iko upande gani wa dunia. Tajiri wa ukoo huweza kungoja miaka kumi apate faida. Mwenye karatasi hutaka gawio mwaka huu, na asipolipata huuza akaenda zake.

Tusidhani basi kwamba tajiri wa ukoo ni baba yetu. Mmoja wetu, kabla ya kuja reli, alifanya kazi miaka minne katika ghala moja la ukoo mmoja wa mji huu, ambao hatutautaja. Mzee mwenye mali alikuwa bahili, lakini alimjua kila mpagazi kwa jina, na mtu akifiwa alitoa sanda. Mzee alipokufa, wana wakagawana. Wawili wanaishi ng'ambo, wakataka fungu lao taslimu. Wa tatu, aliyebaki hapa, hakuwa na la kufanya ila kuuza malori na kukodisha kiwanja. Watu kumi na wanane wakapewa barua siku ya Ijumaa. Mtu wa miaka ishirini na mbili kazini na mtu wa miaka miwili, barua ni moja.

Jambo hili ni la kale. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Rehoboamu, mwana wa Mfalme Sulemani. Watu walimwendea wakamwomba awapunguzie mzigo aliowatwika baba yake. Wazee wakamshauri akubali. Yeye akawasikiliza vijana aliokua nao, akaongeza mzigo, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Ile nayo ilikuwa bodi, ndugu zetu! Mrithi alichagua washauri wake mwenyewe, na mwenye kubeba mzigo hakuwa na kiti.

Sasa tuje kwetu sisi wa reli. Tarehe 1 Novemba 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, kwa mkataba wa mizigo wa miaka 25. Aliyeongoza alikuwa Sheltam wa Afrika ya Kusini. Baada ya miaka michache mambo yakaharibika, wenye hisa wakagombana. Mwaka 2010 Citadel Capital ya Cairo ikaingia, ikawa na hisa 51 katika mia, TransCentury ya Nairobi 34, na Bomi Holdings ya Uganda 15. Wakaja na washauri wa reli kutoka Brazil. Mwaka 2014 TransCentury ikauza fungu lake kwa Citadel kwa dola zipatazo milioni 43, na Citadel yenyewe ikabadili jina ikawa Qalaa Holdings. Mwaka 2017 Kenya ikairudisha reli yake baada ya kesi mahakamani, na Uganda ikafuata mwaka 2018. Mkataba wa miaka 25 ulikufa katika mwaka wa 11.

Hatusemi hawakufanya kitu. Injini zilinunuliwa, na njia ilitengenezwa mahali mahali. Lakini fikirini: kazi ya kampuni kama Citadel ilikuwa kununua makampuni, kuyatengeneza na kuyauza. Mtu aliyenunua nyumba ili aiuze hupaka rangi ukuta wa mbele. Hachimbi msingi upya. Reli hutaka mwenye kungoja miaka thelathini. Kila hisa zilipobadili mikono, mpango nao ulibadilika, na dereva, gadi, pointiman na watu wa genge walisikia habari kwa uvumi. Mwenye hisa aliposhindwa aliuza hisa zake. Sisi tungeuza nini?

Wengine watasema: basi mali irudi kwa serikali, tutapumzika. Twajibu: pole pole. Shirika la serikali nalo lina bodi, na wanaoiteua wako Nairobi. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, abiria wa Nairobi walianza kushukia Miritini, nje ya kisiwa. Je, mchukuzi wa stesheni ya zamani, au mama ntilie wa pale, aliulizwa? Na mwaka 2023, ulipotoka mpango wa kukodisha gati za Mombasa na Lamu kwa makampuni, wafanyakazi wa bandari ilibidi wapige kelele ndipo wasikilizwe.

Wengine watasema tena: mwenye mali ana haki ya kufanya atakalo na mali yake. Lakini mali ya kampuni si hisa peke yake. Mwenye hisa ameweka fedha, nasi tumeweka miaka. Fedha zikiondoka huenda kuwekwa penginepo. Miaka ya mtu hairudi. Kule Ujerumani, sheria ya mwaka 1976 yasema kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 itoe nusu ya viti vya baraza lake la usimamizi kwa upande wa wafanyakazi. Kura ya mwisho ni ya mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka kwa wenye hisa, lakini hakuna barua ya Ijumaa inayowashtua watu. Na viwanda vya Ujerumani havikufa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo twataka haya:

1. Kabla ya mkataba wo wote wa reli au bandari kutiwa sahihi, tuonyeshwe majina ya wenye mali, watu hasa, si kampuni iliyofichwa nyuma ya kampuni.

2. Hisa kubwa zikiuzwa au zikirithiwa, miaka ya utumishi na akiba ya uzeeni ya kila mfanyakazi imfuate tajiri mpya, na iandikwe ndani ya mkataba.

3. Wafanyakazi wapate viti viwili katika bodi, na wanaokaa hapo wachaguliwe nasi kwa kura, wasiteuliwe na waziri.

Ndugu, Januari 1947 watu wa gati, wa reli, wa hoteli na maboi wa majumbani walikutana katika uwanja wa Kiziwi Leo, wakaweka kazi chini, watu wapatao 15,000. Kiongozi wao Chege Kibachia akahamishwa akapelekwa Baringo, lakini mishahara iliongezwa. Wale hawakuwa na kiti katika bodi hata moja. Walikuwa na umoja tu, na kwa umoja huo matajiri waliokuwa London waliijua Mombasa.

Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutano ujao kila mtu aje na mwenzake, na aje na swali lile: Tajiri wetu ni nani?

Umoja ni nguvu.