Safari Yako ni ya Kilometa Ngapi?

Ukimwuliza motari wa Beni jioni, "Leo umekwenda wapi?" atakujibu, "Sikuenda popote. Nilikuwa hapa mujini tu." Jibu hili nimelisikia mara nyingi kwa watu waliolala katika kitanda cha hospitali na muguu uliovunjika. Nataka tulihesabu pamoja, maana naona linadanganya.

Tuseme amebeba watu 36 tangu asubuhi, na kila mumoja amemupeleka kilometa 3. Hizo ni kilometa 108. Sasa, kutoka Beni mpaka Butembo ni kilometa 54. Kwenda na kurudi ni 108. Basi mutu huyu anayesema hakuenda popote amekwenda Butembo na kurudi, katika mashimo na vumbi, akisimama na kuanza tena mara 36. Wala sikuhesabu njia aliyorudi bila mutu nyuma. Tena anayekwenda Butembo kweli hujitayarisha: anaangalia mipira, anavaa koti, anatafuta kofia ngumu ile tunayoita kaske, anaagana na mke wake. Huyu wa mujini hakufanya hata moja.

Watu wengi wanaogopa safari ndefu na kudharau ile fupi. Mimi nafikiri tumegeuza mambo. Huko Marekani, katika muji wa Los Angeles, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Harry Hurt alikwenda pamoja na wenzake mahali penyewe pa ajali 900 za pikipiki, wakapima na kuuliza. Habari yao ilitolewa mwaka 1981. Waliona kwamba ajali nyingi zilitokea katika safari fupi, kama ya kwenda kununua kitu au kuona rafiki, na karibu na pale mutu alipoanzia. Njia za Los Angeles si kama zetu, hazina matope wala mbuzi. Lakini katika jambo hili naona tuko sawa.

Kijana mumoja aliletwa kwetu saa tatu ya usiku. Alikuwa ameamka saa kumi ya alfajiri, kusudi apate wasafiri wa kwanza wanaokwenda kupanda gari. Hakunywa pombe, nasi tulinusa kinywa chake. Lakini hesabu saa zake: ni 17. Wenye elimu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi vibaya sawasawa na yule mwenye pombe katika damu kwa kipimo cha 0.05 katika 100, na katika inchi nyingi kipimo hicho kinatosha kumukataza mutu kuendesha. Pikipiki ikikimbia kilometa 50 kwa saa inapita karibu meta 14 kwa kila sekunde. Macho yakifungwa sekunde 3 tu, umepita meta 42 kama kipofu.

Kijana huyu alianguka karibu na kwao hata mama yake akasikia kishindo. Kaske yake ilikuwa imening'inia juu ya usukani. Siku ya nne, alipoweza kusema, alituambia, "Nilikuwa nafika." Leo anatembea, lakini majina ya ndugu zake yanamuponyoka. Waganga waliokusanya habari za inchi mbalimbali walihesabu kwamba kofia hii inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika 100. Juu ya usukani haipunguzi kitu.

Na safari ndefu je? Kuna watu Marekani wanaotafuta cheti cha kwenda maili 1,000, ni kusema kilometa karibu 1,600, katika saa 24. Mimi siwasifu, hata kama njia yao ni ya lami. Mwangalie kwanza Emilio Scotto, mutu wa Argentina. Aliondoka Januari 1985, akamaliza Aprili 1995, naye alikuwa amezunguka dunia kwa pikipiki kilometa 735,000. Hesabu hiyo inatisha. Lakini uigawanye kwa siku zote za miaka ile kumi na zaidi, siku za kupumzika zikiwa ndani, nawe utaona haifiki kilometa 200 kwa siku.

Kwa hiyo mimi nasema, katika njia zetu usipime safari kwa kilometa, wala kwa mafuta. Tanki la pikipiki ndogo laweza kukupeleka zaidi ya kilometa 300, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pima kwa saa. Kila saa mbili simama, kunywa maji, nyosha mugongo. Ukiisha kukaa saa nane juu ya kiti, siku yako imekwisha, hata kama mutu anakuonyesha pesa.

Najua utanijibu, "Mwenye pikipiki anataka pesa yake kila jioni." Ni kweli, nami sina neno la kumulaumu mutu mwenye watoto sita. Nasema na ninyi wenye pikipiki, maana wengine wenu munasoma kijitabu hiki. Wekeni hesabu ambayo mutu anaweza kuipata kabla ya saa moja ya usiku, na siku moja katika juma musimudai kitu. Pikipiki iliyovunjika pamoja na motari haileti pesa hata kidogo.

Nawe unayepanda nyuma, mwulize, "Umeamka saa ngapi?" Akijibu saa kumi, na giza limeingia, tafuta mwingine, hata kama huyu ni mutoto wa shangazi yako. Mama mwenye mimba asingoje uchungu wa usiku. Heri aje mbele, akae kwa jamaa walio karibu na hospitali. Na ukipanda, pandia upande wa kushoto, maana bomba la moshi mara nyingi liko kuume. Juma hili tu tumefunga vidonda vinne vya moto.